Ngumi ya Dobi

Mwanamke niliyefua naye nguo katika kambi ya wanajeshi wa kigeni, huku kwetu Kosovo, hakutia suruali mashineni kabla ya kupapasa mifuko yote. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa sabuni, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama anabembeleza mtoto alale. Humo mifukoni alikuwa akitoa peremende, picha za wachumba, hata risasi, na kuviweka kwenye sinia. "Shkurte, mdogo wangu," aliniambia kila mara, "hawa watatulipua siku moja, halafu waseme pole."

Alhamisi moja asubuhi alivuta kitu kizito. Pete ya pini ya kitu hicho ilinasa kwenye uzi wa mfuko, pini ikachomoka, nami nikaona bomu la mkono ndani ya ngumi yake, kishikio amekibana kwa vidole, maana kikiachiwa tu linalipuka. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. "Toka, mdogo wangu," alisema. "Usikimbie tu, utanishtua niliachie." Nikatoka kinyumenyume, na nilipofika nje ndipo nikapiga mayowe. Mtegua mabomu alikaa naye robo saa nzima ndipo akalichukua. Wanajeshi wakalilipua shimoni, madirisha yakatikisika. Lakini ngumi ya mwenzangu, sasa tupu, ilijikunja tena na kukataa kufunguka. Kwenye basi la kurudi nyumbani ilikuwa bado imekaza, nikawa namlisha mkate wa jibini kwa mkono wangu.

"Nimeshaliachia?" akaniuliza.

"Umeshaliachia, dada."