Ujumbe Uliozuiliwa Barazani

Asubuhi moja, nikimpaka mama mafuta ya nazi miguuni, aliniuliza saratani inafanya nini hasa mwilini. Madaktari walikuwa wameshatuambia tumtunze nyumbani. Nilimwomba anipe muda. Ndivyo nilivyo: siwezi kujibu swali bila kuandika jibu, kulifuta na kuliandika tena. Niliishia kidato cha nne, na biolojia yangu yote nimejifunza kwenye simu, kwa kamusi, kwa hiyo naogopa kukosea kuliko mtu aliyefundishwa.

Nyumbani kulikuwa na jambo jingine. Dada yake mama, aliyeolewa kisiwani Kojani, alifariki ghafla wakati mama hawezi hata kukaa. Kwetu mgonjwa mahututi hapelekewi habari za msiba. Shangazi yangu akahamia barazani. Kila aliyekuja kumtazama mgonjwa alikutana naye kwanza, akanong'onezwa, akafuta machozi, ndipo akaingia ndani anacheka. Mama akiuliza mbona dada yake haji, tulisema bahari imechafuka. Alipotamani pweza mkavu wa Kojani, shangazi alinunua sokoni hapa Konde, akasema dada mtu ndiye aliyetuma.

Jibu langu lilipokuwa tayari, nikaketi kitandani pake. Nilimweleza kwamba kila seli ina maagizo, yaani jeni. Jeni haitoki ilipo. Hunakiliwa, na nakala ile hupelekwa kama ujumbe mahali protini zinapotengenezwa. Kisha kuna vipande vifupi mno viitwavyo mikroRNA. Havitengenezi protini yoyote. Kazi yao ni kuukamata ujumbe njiani, usisomwe, au uvunjwe kabisa. Mwili wenye afya unavihitaji, maana si kila agizo linafaa kutekelezwa kila wakati. Kwenye saratani mizani huharibika. MikroRNA nyingine hupungua, na ujumbe wa kuziambia seli zikue ukapita ovyo. Nyingine huzidi, zikazuia hata ule wa kuziambia ziache.

Mama alisema hajafahamu. Nikaumia, kwa sababu nilikuwa nimeyapanga vizuri maneno yale. Nikatafuta mfano, na ulipokuja nilifurahi jinsi ulivyokaa sawasawa.

"Kama shangazi pale barazani," nikasema. "Mtu anakuja na habari, yeye anamkamata mlangoni, habari haikufikii."

Nilitambua nilichosema baada ya kuwa nimeshasema. Mama alinigeuzia uso.

"Habari gani?"

Nikaanza kusema bahari bado imechafuka.

"Dada yangu kafa?"

Nikainamisha kichwa. Mama alifumba macho, na machozi yakamshuka pembeni mpaka masikioni. Nilitaka kuyafuta, nikaogopa hata hilo nisilifanye vibaya.

"Yule pweza nlijua si wake," alisema mwishowe. "Dada hatii chumvi vile."

Akanituma nimwite shangazi. Shangazi aliingia akiwa ameshanikunjia uso, lakini alipomwona mama analia, akakaa chini kwenye mkeka.

"Wifi," mama akamwambia, "waache waingie na habari zao. Nisipomlilia mimi dada yangu, nani atamlilia?"

Walishikana mikono wakalia, nami nimesimama na simu yangu, maelezo yote yamo ndani yake na hakuna hata neno moja la kuwafaa.

Tangu siku ile wageni waliingia na msiba wao. Walimsimulia mama nani alimwosha dada yake, na wapi alizikwa. Alisikiliza yote, akauliza mengine. Haikupita muda mrefu naye akafariki.

Nimeuandika upya mfano ule mara nyingi, na bado naona una kasoro. MikroRNA haimjui inayemzuilia habari. Asubuhi tuliyofiwa na mama, shangazi alikuwa amekaa palepale barazani. Wanawake wa kwanza walipoingia uani wakilia, aliinua mkono kuwazuia. Kisha akakumbuka, akaushusha taratibu juu ya magoti yake.