Samaki Asiye na Kichwa

Dorca alizaliwa ufuoni mwa ziwa, upande wa Bondo, na mpaka anaolewa hakuwahi kujiuliza kesho samaki watatoka wapi. Walikuwepo tu. Mama yake alimfundisha kupaa magamba kabla hajamfundisha kusuka nywele, na baba yake alimfundisha neno moja alilolishika kuliko Amri Kumi: samaki mdogo hurudi majini. Ukimla mtoto, alisema mzee, mkubwa utamwomba nani?

Aliolewa na Absalom, mvuvi wa ufuo mmoja karibu na Kisumu, mcheshi, mkono wazi, mtu wa kupenda sifa. Miaka ya themanini iliwaendea vizuri. Mbuta walikuwa wakubwa hata wanaume wawili walibeba mmoja kwa mti mabegani. Samaki wa asili walipungua: ngege wakawa wachache, fulu wakaadimika, wazee wakanung'unika, lakini nani humsikiliza mzee wakati tumbo limejaa?

Halafu vikaja viwanda vya minofu na malori ya barafu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na usimwambie Dorca vingine, atakufukuza jikoni kwake. Wakala mmoja alimpa Absalom kokoro mpya, ule wavu wa kuvutwa mpaka nchi kavu, kwa sharti kwamba samaki wote wakubwa, asibaki hata mmoja, wapande lori lake. Absalom alikubali akicheka. Macho ya wavu yalikuwa madogo, haukuacha kitu. Dorca aliwaona watoto wa mbuta, urefu wa kidole, wakifia mchangani, akamwambia mumewe wavu huu unakula mbegu. Akajibiwa kwamba ziwa halijawahi kuisha tangu Adamu. Basi. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na mifupa ikarudi sokoni na vichwa vyake, ndiyo iitwayo mgongo wazi, tukaangiwe sisi wenye ziwa. Sisi! Mtu asikasirike kwa nini?

Mwaka wa tisini na nne binti yao Awuor alipata mchumba, Enos Wanyonyi, fundi wa magari pale Kondele, Mbukusu, kijana mtulivu. Umri wa Awuor ulikuwa unaenda, mchumba wa kwanza alikuwa amemwacha, na majirani walishaanza kumsema mpaka kisimani. Dorca aliitaka ndoa hii kwa roho yake yote. Watu wa Enos wakatuma habari kwamba watakuja Jumamosi kuzungumza mahari. Wakaongeza kwa utani: msituchinjie kuku, kuku wako kwetu tele. Tukija ziwani tutakula samaki.

Absalom aliahidi mbuta mmoja. Mmoja tu, alisema, kwani wakala atanifanya nini?

Jumamosi asubuhi Dorca alisimama ufuoni na beseni lake. Wavu ukavutwa. Ndani mlikuwa na mbuta watatu wa maana, na wadogo kibao. Wakala alikuwa ameegemea lori. Absalom akamtazama wakala, akamtazama mkewe, kisha akawabeba wote watatu mpaka kwenye barafu. Aliporudi hakumwangalia usoni. Alimwonyesha wale wadogo, achukue hao, hata ndoo nzima. Dorca akakataa. Hayakuwa maringo. Hakuweza kumwozesha mtoto wake kwa kupika watoto wa samaki, hakulelewa hivyo. Akaenda dukani akanunua mikebe ya samaki, samaki wa bahari ambayo hajawahi kuiona.

Lakini kupika alijua. Alikaanga vitunguu mpaka vikabadilika rangi, akatia nyanya na dania, akawateremsha wale samaki taratibu wasivunjike, akakamulia ndimu, akapunguza moto. Akasonga ugali mgumu, akaweka sukuma pembeni. Alipanga kuwaambia wageni mapema kabisa: ziwa letu limeharibiwa, tulicho nacho ni hiki, karibuni. Nani angemlaumu?

Hakupata nafasi. Wageni waliongozwa na Nabalayo, shangazi ya Enos, mama mzito wa mwili na wa maneno. Alionja, akasifu mkono wa mpishi. Mara Absalom, yule yule wa sifa, akatanua kifua na kusema huyu nimemvua mwenyewe leo alfajiri.

"Tumesikia kwenu samaki wa mgeni huletwa na kichwa chake," Nabalayo alisema kwa upole. "Kama vile kwetu firigisi ya kuku ina mwenyewe. Kichwa kiko wapi, Baba?"

Absalom akasema kiko jikoni, kinatengenezewa supu. Nabalayo akasema vizuri, basi tutangoja supu.

Wakangoja. Ugali ukapoa. Enos akawa anatazama viatu vyake. Absalom akamkodolea mkewe macho ya kuomba, utadhani kichwa cha samaki huokotwa tu mekoni. Kwa nini kila mara aibu ya mwanamume itafutiwe dawa na mkewe? Dorca aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na mkebe mtupu, akauweka mezani mbele ya mgeni.

"Huyu hakuwa na kichwa, mama," alisema. "Alitoka humu. Samaki wetu wameenda na lori."

Nabalayo aliomba maji, akanawa mikono. Akasema hana neno na mkebe, hata kwake hupikwa mambo yakiwa magumu, na huu umepikwa vizuri kuliko anavyopika yeye.

"Lakini baba wa msichana ametudanganya tukiwa na tonge mkononi," akasema. "Mambo ya ng'ombe tutayazungumza na nani?"

Wakaaga kwa heshima, jambo lililouma zaidi kuliko matusi. Enos alisimama langoni akageuka, akamtazama Awuor, halafu akamfuata shangazi yake. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Huyu alikuja, na mwenyeji akaugua zaidi.

Awuor aliosha vyombo, machozi yakimtiririka na mikono imejaa povu. Absalom alizungukazunguka uani kwa muda mrefu, kisha akaja mlangoni mwa jikoni. Akaapa kwamba kesho atamwachia Dorca mbuta, tena mkubwa, wakala apende asipende.

"Kesho hatuna mgeni," Dorca akamwambia.