Tai Aliyeitikia Debe

"Mama mkubwa, mbona unampiga mawe ndege wako mwenyewe?"

Goodness aliuliza hivyo akiwa darasa la pili, amesimama kwenye mibuni nyuma ya nyumba kule Isansa, mkononi ana kipande cha muhogo alichosahau kukila. Mbele yake Nesta, dada mkubwa wa mama yake, alikuwa ameinama anaokota mawe. Juu ya bati alikaa tai mwenye kishungi, kucha nene kama vidole vya mtu mzima, anamtazama Nesta kama mtoto aliyefukuzwa kwenye chakula. Nesta akarusha. Jiwe likagonga bati. Tai akaruka kidogo, akatua palepale.

"Nenda ndani, mwanangu," Nesta alisema bila kugeuka. "Na ufunge mlango."

Basi. Swali halikujibiwa, na Goodness akaingia ndani akiamini kwamba mama yake mkubwa ana roho mbaya.

Kumbe huyo alikuwa tai wa pili.

Wa kwanza Nesta alimwokota msituni, juu ya mashamba, chini ya mti mkubwa uliokatwa na wachoma mkaa. Alikuwa kinda bado, ana manyoya meupe ya utoto, bawa limeteguka. Tai wa namna hiyo walishaanza kuadimika, maana miti wanayojengea viota ndiyo hiyo inayotoa mkaa mzuri. Nesta, ambaye hakujaliwa kupata mtoto, alimfunga kwenye kitenge chake akaja naye nyumbani.

Mumewe Boazi alikuwa kuli wa malori Tunduma, anarudi Jumamosi. Siku hiyo alimkuta mgeni kando ya jiko.

"Mama, nimeondoka Jumatatu tuko wawili," alisema. "Narudi tuko watatu. Huyu baba yake nani?"

"Mtazame pua, utamjua."

Boazi alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo akawa anarudi na mapupu kutoka kwa wachinjaji wa Tunduma, na yule kinda wakampa jina la Timotheo.

Sasa, Nesta alikuwa analima ulezi, na ulezi ukianza kuiva kazi ni moja tu, kuwinga ndege. Unakaa shambani tangu kunapambazuka, unapiga debe bovu kwa kijiti, kundi la ndege linainuka, linakwenda kumsumbua jirani. Nesta aliogopa kumwacha Timotheo nyumbani na mbwa wa watu, kwa hiyo alikwenda naye, anamweka juu ya kisiki. Akishapiga debe anapumzika, na akipumzika anamkatia kipande cha nyama. Haikuchukua muda. Debe likilia, ndege wote wanakimbia, Timotheo anafungua mdomo. Bawa lilipopona, akawa anatoka ng'ambo ya bonde kabisa, anakuja na mlio wa debe, miguu mbele, anatua kwenye kisiki chake. Watu walikuwa wanakuja kutazama.

"Wenzako tunapiga debe ndege waondoke," jirani yake Restuta alimtania. "Wewe unaita wageni."

"Wivu tu huo, Restuta."

Ulezi ulipovunwa, debe likatundikwa ukutani, na Timotheo akabaki msituni. Nesta alilia siku hiyo, lakini kilio cha mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Msimu uliofuata Restuta alikwenda msibani Ihanda. Aliporudi hakutania. Alisema kuna tai ameuawa kule, kwenye shamba la ulezi, alitaka kunyakua mtoto.

Nesta aliondoka vilevile na nguo za shamba. Alimkuta amelazwa mpakani mwa shamba, ameharibiwa kwa majembe, lakini bawa lile lililowahi kuteguka bado lilikuwa limepinda kidogo. Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, alisogea karibu naye.

"Dada, sijui alikuwa na nini huyu ndege," alisema. "Mtoto nilikuwa nimemlaza hapo kwenye khanga. Tulivyozidi kupiga debe ndivyo alivyozidi kuja."

Nesta hakusema kwamba ni wake. Alimpa pole, akaomba kumpakata mtoto kidogo, akamrudishia, akashika njia ya Isansa.

Ndiyo maana yule wa pili, aliyenaswa mguu kwenye mtego wa waya, hakupewa jina. Nesta alimweleza afisa wanyamapori, akaambiwa amtunze mpaka mguu upone. Alimfungia kwenye stoo ya kahawa. Akienda kumlisha alijifunika gunia kichwani, ndege asizoee uso wa mtu, anasukuma nyama chini ya mlango, anaondoka bila neno.

"Hata salamu?" Boazi aliuliza.

"Hata salamu."

Mguu ulipopona alifungua mlango, akapiga debe mpaka mikono ikafa ganzi, akaokota mawe. Yule ndege alikuwa anarudi juu ya bati kila jioni, hajui kwingine kwenye nyama, na kila jioni Nesta alirusha. Hatimaye akaruka kuelekea Zambia, hakurudi tena. Nesta alijifunika lile gunia usoni, akakaa nalo hivyo mpaka Boazi alipokuja kumwinua.

Boazi sasa ni marehemu. Goodness yuko kidato cha tatu, na likizo ya Juni iliyopita alikuwa shambani kwa Nesta, anawinga ndege. Msitu wa juu umebaki vichaka. Asubuhi moja tai akatokea, mmoja tu, juu sana. Goodness akalipiga debe kwa nguvu zake zote. Tai akapinda ghafla, akakaza mabawa, akaelekea mpakani, upande wa Zambia.

Nesta alimtazama mpaka pakabaki anga tupu.

"Huenda ni yeye, mama mkubwa."

"Huenda. Au mwingine."

Akainama, akaokota kijiwe, akakizungusha kiganjani, akakiacha kianguke.

"Uliniuliza siku ile," alisema. "Nilitaka jiwe la kwanza arushiwe na mtu anayeomba limkose."