Mwenye Kuchaji Simu na Albamu ya Kwanza ya Aurélie

Usiku kucha sikulala, nikingoja neno la mwenye kuchaji simu hapa Kitshanga. Jioni nilimpa kadi ya memori yenye albamu ya kwanza ya kikundi cha binti yangu Aurélie, rock ya magitaa ya zamani. Asipoipiga kwa spika yake, hapa nani ataisikia? Kila kadi huipuliza, huifuta kwa shati, kisha hujifungia aisikilize yote. Isiyompendeza huisukuma nje chini ya mlango. Asubuhi nilikuta wateja wakigonga: “Papa, fungua! Simu zetu je?” Mlango ukafunguka kidogo. Alikuwa hana viatu, shati limelowa jasho. “Mama Aurélie, muniache kwanza. Ni ile nyimbo ya tatu njo ninarudilia kucheza.” Akafunga.