Baada ya Dada Kunipa Figo

Figo zangu ziliposhindwa kufanya kazi, dada yangu mkubwa, mkulima wa mahindi nje kidogo ya Kitale, ndiye aliyekubali kunipa moja yake. Mumewe alisitasita, watoto wakalia, lakini yeye alikuwa ameshaamua. Sote wawili tulipona, ingawa tangu hapo hawezi tena kubeba gunia wala kulima tangu asubuhi hadi jioni kama zamani.

Mimi nilirudi kufundisha Bungoma, na kila Jumamosi nikawa nakwenda kwake na sukari, nyama, hata blanketi. Nikifika, nilikaa kwenye ukingo wa kiti na kukubaliana naye kwa kila jambo, hata alipokosea. Sikujua namna nyingine ya kushukuru.

Siku moja alikataa kupokea mfuko.

"Ati umeleta nini tena?" akauliza. "Mimi nimechoka kupikia mgeni. Nilikupa figo ndio nibaki na ndugu yangu. Sasa yule wa kubishana na mimi alienda wapi?"

Machozi yalinitoka, naye akaniacha nilie. Kisha akanisogezea sinia ya maharagwe nichambue, akaanza kusimulia jinsi nilivyovunja chungu cha mama tulipokuwa wadogo.

"Si ni wewe ulivunja, dada!" nikasema.

Alicheka hadi akashika ubavu. Tulibishana mpaka maharagwe yakaiva, na mumewe akatuomba tunyamaze kidogo asikie redio.