Neno la Kocha kwa Baba

Mwezi wa kumi na moja uliopita, kazi ilinipeleka upande mmoja wa Stockholm ambao nilikuwa nimeukwepa kwa miaka. Nilishuka kwenye treni, nikapanda kilima kwa njia ya zamani bila hata kuifikiria, na nilipofika juu nikakuta magorofa mapya yenye vibaraza vya vioo. Ukumbi wa chuo haukuwepo. Nilizunguka na mwavuli wangu nikitafuta walau kipande cha ukuta wa matofali mekundu, mpaka mama mmoja mwenye mbwa akaniuliza kama nimepotea. Nikamjibu hapana, nikaendelea kusimama palepale kwenye mvua.

Wewe hukuufahamu ukumbi ule, kwa hiyo ngoja nikuingize ndani. Ulikuwa ukumbi wa mpira wa kikapu wa chuo kimoja cha zamani. Sakafu yake ya mbao ilikuwa imekolea rangi ya chai ya rangi, na ukifungua mlango ulipokewa na harufu ya vanishi, jasho na kahawa. Ukutani palikuwa na zile ngazi za mbao za kufanyia mazoezi, nasi watoto tulizikwea mpaka mtunza ukumbi aje kutufokea. Ubao wa matokeo ulikuwa na taa zilizoungua, hivyo nane ilionekana sita, na kila Jumamosi palikuwa na mgeni wa kubishana na refa bure. Mabenchi yalilia kila mtu alipoinuka. Watu wa pale waliupenda ukumbi huo na ubovu wake wote, na wakisikia unasemwa vibaya walinuna.

Sisi tulikuwa tukikaa Spånga, pembeni mwa Stockholm, karibu na stesheni. Mama alifanya kazi Jumamosi kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo alikaanga mandazi asubuhi na mapema, akayafunga kwa kitambaa, akatuachia mezani. Safari ya ukumbini ilikuwa ya baba na mimi. Baba alivaa suti, tai, na viatu alivyovipiga rangi Ijumaa. Kule Bukavu, Kongo, alikuwa mwalimu wa hesabu, na kwake kwenda mahali anapofundishwa mtoto wako ni kwenda kumwona mwalimu, basi huendi na koti la baridi lililofutuka. Hapa Stockholm alisafisha ofisi kule Kista, siku tano kwa wiki, na nadhani suti ile ya Jumamosi ilimkumbusha yeye ni nani. Mlangoni tulipewa vifuko vya plastiki vya bluu vya kuvalia juu ya viatu, ili theluji isiharibu sakafu. Baba alivivaa taratibu, akanyoosha tai yake, akaingia kwa heshima zote huku miguu ikichakarisha.

Aliyetupeleka huko ni kaka yangu. Nyumbani tulimwita Yaya, ndivyo kwetu Kongo tunavyowaita wakubwa zetu. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kiasi cha kuinama ili asigonge taa ya jikoni, na kocha wa chuo alikuwa amemwombea ruhusa acheze pamoja na wanachuo ingawa bado alikuwa sekondari. Yaya akiwa na mpira, yule kijana aliyejikwaa kwenye mazulia ya nyumbani hakuonekana tena. Baba hakuweza kukaa. Waswidi walitazama mchezo kwa utulivu, wakipiga makofi kwa adabu, vikombe mkononi. Baba alisimama na kuita, "Kijana! Kijana wangu!" kwa sauti ya kuita watoto kutoka upande wa pili wa uwanja wa shule. Mwanzoni walimgeukia wakashangaa. Baada ya miezi miwili, walikuwa wakimgeukia kama amechelewa kuita.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na cheo changu kilikuwa mkalimani. Benki, hospitali, shuleni, kote nilisema mimi. Baba alinifundisha kusoma na kuandika Kiswahili kila Jumapili baada ya ibada, ili nisimharibie maneno. Utauliza kwa nini Yaya, aliyekuwa mkubwa, hakufanya kazi hiyo. Aliwahi kuifanya, siku ya ripoti yake ya shule, akatafsiri vizuri mno mpaka baba akampongeza kwa maksi ambazo hakuzipata. Jambo lilipogundulika, baba aliweka sheria: mtu hatafsiri kesi yake mwenyewe. Tangu hapo, lolote lililomhusu Yaya lilipitia kwangu. Nakiri nilijisikia mkubwa sana. Watu wazima wawili wananitazama mdomoni wakisubiri niufungue, mtoto gani asingevimba kichwa?

Jumamosi ile theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri. Mchezo ulikwisha, chuo kilishinda, na Yaya alikuwa amekwenda kuoga na wenzake. Kocha akatufuata kwenye benchi. Alikuwa mama mrefu mwenye msuko mmoja wa mvi, mtu wa maneno machache, na siku hiyo alizungumza kwa muda mrefu akinitazama mimi huku mkono wake ukimwelekea baba. Alisema kuna shule ya michezo katika mji mmoja kusini, saa nyingi kwa treni. Walikuwa tayari kumpokea Yaya kuanzia Januari, asome na acheze kikapu, akae bwenini, aje nyumbani wakati wa likizo. Alisema katika miaka yake yote ya kufundisha hajapata kijana wa namna ile. Yaya mwenyewe hajaambiwa, alisema, maana hakutaka kumpa tamaa kabla ya kusikia neno la wazazi.

Nilisikia kila kitu, na kilichobaki kichwani ni bweni. Nikueleze hofu yangu, si kujitetea. Katika familia yetu, mtu aliyeondoka kwa muda hakuonekana tena. Bibi alibaki Bukavu kwa muda. Baba mdogo alikwenda Uvira kwa muda. Mimi mwenyewe nilitoka Kongo mgongoni kwa Yaya, nikiwa na miaka minne, na huku Stockholm yeye ndiye aliyenisubiri kila mchana nje ya shule yangu tukavuka pamoja ile njia ya chini ya reli niliyoiogopa. Niliposikia "likizo" nilimwona anapanda treni, asirudi tena.

"Anasema je?" baba akauliza.

Kocha alikuwa ameongea sana, kwa hiyo nami ilinibidi niseme jambo lenye uzito. Nilijua lipi baba angeliamini.

"Anasema Yaya anacheza vizuri," nikasema. "Lakini basket inamukula akili. Hesabu inamushinda, na asipojirekebisha atafeli mwaka."

Baba akasimama, akashika mkono wa kocha kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa. "Umwambie Madame aksanti sana. Amefanya kazi ya mzazi. Nitamushughulikia mimi mwenyewe."

Nikamgeukia kocha nikamwambia kwa Kiswidi safi kwamba baba anashukuru sana, ila anataka Yaya abaki nyumbani. Kocha akamtazama baba, na baba akatikisa kichwa kukubali, macho yamelowa. Kocha akasema anaelewa.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nilikuwa nimemsahau baba ni nani. Kwetu, mwalimu akishatoa neno, nyumbani hakuna mjadala, na baba alikuwa mwalimu aliyeambiwa na mwalimu mwenzake kwamba mtoto wake ameshindwa na hesabu, hesabu ambazo ndizo zilizokuwa kazi yake. Aliona aibu kubwa. Wiki hiyohiyo alimwondoa Yaya kikapuni mpaka maksi zipande. Yaya alilia, alibembeleza, akasema hafeli chochote. Baba akamjibu kwamba alishawahi kumdanganya kuhusu ripoti. Kocha alipiga simu mara moja baada ya Mwaka Mpya. Nilipokea mimi, nikasema baba yuko kazini, na hakupiga tena. Yaya naye aliona haya kumfuata, kwa kuwa aliamini kocha ndiye aliyemchongea.

Jumamosi zikahamia meza ya jikoni, baba na suti yake, Yaya na daftari, milinganyo juu ya milinganyo. Maksi zilipanda kweli, maana hazikuwa mbaya tangu mwanzo. Lakini kufikia majira ya kuchipua nafasi ya kule kusini ilikuwa imekwenda kwa mwingine, na Yaya hakutaka tena hata kuushika mpira. Nilitaka Yaya abaki, naye akabaki, lakini aliyebaki alifunga mlango wa chumba chake, hakuja tena kunisubiri shuleni, na ukimsemesha kwa Kiswahili alikujibu neno moja la Kiswidi. Nilivuka njia ile ya chini ya reli peke yangu. Nilistahili.

Miaka sita ikapita. Tukasikia chuo kinahama na ukumbini utachezwa mchezo wa mwisho, na sijui nani alimshawishi Yaya, akakubali tuende sote watatu. Wakati huo yeye alikuwa fundi umeme, baba amesoma Kiswidi majira manne ya baridi na kupata kazi ya msaidizi wa walimu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Mchezo ulipokwisha hakuna aliyetaka kutoka. Watu wazima walikuwa wakipapasa kuta, na mzee mmoja alikuwa akifungua skrubu ya benchi apate ukumbusho.

Kocha akatuona. Msuko ulikuwa mweupe kabisa. Kwa mazoea nilijisogeza katikati yao, lakini yeye alizungumza na baba moja kwa moja.

"Nimejiuliza miaka yote hii," alisema. "Kwa nini ulimkatalia kijana nafasi ile ya shule ya kikapu?"

"Nafasi gani?" Yaya akauliza.

Akaelezwa. Kocha alidhani Yaya anajua. Mimi nilitazama sakafu, na hata bila kuinua macho nilijua baba amenigeukia. Hakuchukua muda mrefu. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu hiyo haikuwa ngumu.

"Niliogopa," baba akasema kwa Kiswidi chake cha polepole. "Tulikuwa tumepoteza watu wengi. Sikutaka mtoto wangu aende mbali."

Sikuwahi kumwambia sababu yangu. Aliisema kama ilivyokuwa, neno kwa neno, akaifanya yake.

Yaya alitoka nje bila kofia, na kwenye treni alikaa behewa jingine. Nilianza kusema, baba akanizuia kwa mkono. "Unyamaze tu," akaniambia. "Wewe ulikuwa mutoto. Mimi nilikuwa muzazi, na sikuuliza mara ya pili." Nikanyamaza. Kumtii baba kulikuwa rahisi mno siku hiyo, na ndilo jambo linaloniuma kuliko ule uongo wenyewe, kwa sababu safari hii sikuwa na miaka kumi. Tangu hapo Yaya alikuja nyumbani kwa sikukuu tu, akakaa na koti lake mwilini, akaagana na mama jikoni. Baba alimsindikiza mpaka mlangoni kila mara, na kila mara alirudi akasema kijana amechoka, kazi ya umeme ni ngumu.

Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Baada ya mazishi, watu wa kanisa wakiwa wanakula, Yaya alinifuata nikiwa na sahani ya wali mkononi.

"Papa nimemusamehe," akasema. "Ile maneno ya shule. Nimemaliza nayo."

Nikamjibu, "Vizuri."

Hilo ndilo neno nililolipata. Ukumbi umebomolewa, kocha sijui kama yu hai, harufu ile ya vanishi na kahawa siisikii tena popote, na baba, aliyesamehewa kosa lisilo lake, amelala katika ardhi ya Waswidi chini ya jiwe alilolichagua Yaya. Ndiyo maana nimeandika. Nimeandika kwa Kiswahili, na hata katika hilo nimekuwa mwoga, kwa maana Yaya anakiongea lakini kukisoma humchosha, na huniletea mimi maandishi yote ya Kiswahili nimweleze yanasemaje. Hata haya nitayatia kwenye bahasha yenye jina lake. Ataifungua, ataona kurasa ni nyingi, atanipigia simu. Nitakwenda kwake, nitakaa mbele yake, na nitamtafsiria kesi yangu mwenyewe bila kugeuza neno.