Bado Kalala

Fundi hakuwa mwanamke wa kubabaika. Nusu ya maisha yake aliyamaliza kwenye meza moja, kioo cha kukuzia jichoni, akifufua mashine za gemu za mkononi ambazo wenyewe walishazililia. Mtu mzima kulilia gemu! Wengine walicheka. Yeye hakucheka hata siku moja, maana na yeye lilikuwa limemfika.

Mdogo wake marehemu aliacha mashine mbili. Ile mpya ilijaa gemu za kupakua mtandaoni, thelathini na kitu. Laini ya simu yake ilipofungwa, akaunti ikagoma, na tangu hapo kioo kinadai neno la siri ambalo mwenye nalo ameondoka nalo. Ile kuukuu ilikuwa na kaseti moja tu, imechorwa nyota kwa kalamu ya wino. Hiyo haikumuuliza mtu chochote. Ukiiwasha, unamkuta msichana wa kwenye gemu amelala kitandani, kichwani kofia nyekundu ambayo mchezaji huipata kwa kucheza mwaka mzima. Ndipo mdogo mtu alipomwacha jioni ile kabla ya kupelekwa hospitali.

Kila Jumapili Mama alikuja dukani, akaketi, akawashiwa. Hakuruhusu kitufe kiguswe. Alitazama tu, akasema, "Bado kalala," kisha akaaga. Miaka sita mfululizo.

Tatizo ni kwamba kaseti za zamani hutunza kumbukumbu kwa betri ndogo kama kifungo cha shati, na betri haina undugu na mtu. Fundi aliipima, akaikuta inakata roho. Kuibadilisha, lazima kaseti ilishwe umeme wa pembeni kwa nyaya mbili. Zikiachia kidogo tu, kwisha habari. Kwa wateja aliifanya kazi hiyo huku akipiga soga. Kwa mdogo wake aliwahi kuifanya mara moja, zamani, bila nyaya, kwa ujuvi wa ujana. Kila kitu kikafutika. Mdogo mtu alicheka mpaka machozi: "Dada, umeniua wewe!" Akaanza upya. Maneno yale Fundi aliyasikia tena siku ya mazishi, na hayakumtoka masikioni.

Alhamisi asubuhi alifunga mlango, akaunganisha nyaya, akazikagua mara tatu. Mganga hajigangi. Alipoinua betri ya zamani, waya mmoja ukachomoka kwa muda wa kupepesa jicho.

Alipowasha, kioo kilimtaka aandike jina la mchezaji, kama gemu ambayo haijawahi kuchezwa.

Alilia, kisha akafanya jambo la aibu. Aliandika jina la marehemu, akacheza siku mbili bila kugusa kazi ya mtu, hadi akaipata nyumba yenye kitanda kile, akamlaza msichana upande ule ule.

Jumapili Mama aliketi, akatazama. Akatazama sana.

"Yule alikuwa na kofia," alisema.

Fundi alishindwa kuinua uso. "Mama, nimemuua tena."

"Acha upuuzi. Yule alikufa hospitali, nimemshika mkono mimi." Mama akamsukumia mashine. "Na huyu nani?"

"Ni mimi, Mama. Nimecheza mimi, sikutaka ujue."

"Basi mwamshe. Huyu hajafa."

Kidole cha Fundi kilikaa juu ya kitufe muda mrefu kabla hakijabonyeza.